Siku Walipobadilisha Mita kwa Bi Kashindye

Sogeeni mnisikilize vizuri, maana nikimaliza mimi, zamu ya kusema itakuwa yenu.

Walikuwapo wanawake watatu walioolewa nyumba moja, Tabora mjini, kwa mjane aitwaye Bi Kashindye. Siwema, mke wa mtoto mkubwa, alijaliwa masikio: jambo likinong'onwa uani, yeye alilisikia akiwa jikoni. Nyanzala, wa pili, alijaliwa macho: uzi ukilegea kwenye nguo ya mpita njia, yeye aliuona. Zamda, mdogo wao, alijaliwa ulimi: alimwomba mwenye duka aliyekwisha kufunga afungue tena, na mtu yule akafungua huku anacheka.

Wangeishi kwa amani, lakini mbele ya nyumba ile palikuwa na fremu, chumba cha biashara kinachotazama barabara. Mpangaji alipohama, Bi Kashindye aliwaita wakwe zake akawaambia, "Wanangu, fremu ni ndogo, haiwatoshi wote. Nitampa yule nitakayeona anaitunza nyumba yangu."

Nyanzala aliitaka kwa saluni, Zamda kwa mgahawa. Siwema aliitaka kwa cherehani yake. Miaka tisa alikuwa anashonea ukumbini, vitambaa vya wateja vikikanyagwa na watoto. Basi akisikia Zamda anamchekesha mama mkwe, moyo ulimchoma. Akimwona Nyanzala anafagia mbele ya fremu, alichukua ufagio wa pili akafagia palepale.

"Dada Siwema, hapo nimeshafagia," Nyanzala alisema.

"Umefagia kwa macho," Siwema akamjibu, na vumbi likaendelea.

Jumatatu moja, akiwa sokoni, Siwema aliwasikia wanawake wawili wakizungumza. Mafundi wa umeme walikuwa wanapita mtaa kwa mtaa kubadilisha mita za zamani. Mtaa wa pili, umeme uliporudi uliingia kwa nguvu, ukaunguza friji na televisheni za watu ambao hawakuchomoa vyombo vyao. Alhamisi ilikuwa zamu ya mtaa wa Bi Kashindye.

Siwema alirudi nyumbani na habari ile mdomoni. Friza lilikuwa limejaa nyama ya harusi ya Nusura, kitindamimba wa nyumba, ambaye angeolewa Jumamosi. Ndani ya friji mlikuwa na dawa ya sukari ya Bi Kashindye, ile anayojichoma kila asubuhi. Lakini alipomwona Zamda amekaa mkekani anamsuka mama mkwe, alijiambia, "Nikisema leo, Nyanzala atawahi kuchomoa, na Zamda ataisimulia vizuri kuliko mimi." Akanyamaza siku tatu.

Alhamisi asubuhi mafundi wawili walifika na ngazi yao. Siwema aliingia ndani peke yake. Akachomoa friza, friji, televisheni, feni, pasi, hata chaja za simu. Jasho lilimtiririka. Alipomaliza ndipo akamwita mama mkwe na kumweleza yaliyowapata watu wa mtaa wa pili.

"Mungu akubariki, mwanangu," Bi Kashindye alisema, na Siwema akayashika maneno yale kama mtu aliyekwisha kupewa ufunguo.

Mita ikabadilishwa. Fundi akasema kwa sauti, "Mama, tayari, umeme umerudi!" Wakabeba ngazi wakaondoka.

"Chomeka, Mama, sasa ni salama," Siwema akasema.

Bi Kashindye akainama kuchukua plagi ya friza. Nyanzala alikuwa amesimama mlangoni, na macho yake yalikuwa kwenye taa ya koridoni. Aliiona inang'aa kupita kawaida, ikafifia, kisha ikawaka nyeupe kama inataka kutoka ukutani.

"Mama, acha!" Akaruka akamshika mkono.

Paa! Taa ikapasuka, vioo vikamwagika sakafuni. Nyanzala akakimbilia swichi kubwa akaizima. Bi Kashindye akamkumbatia. "Nyanzala, umeniokoa."

Siwema alipaswa kushukuru. Badala yake alijisikia kama mtu aliyenyang'anywa sahani kabla hajamaliza kula.

Zamda alijifunga kanga kiunoni akatoka mbio. Aliwakuta mafundi mtaa wa tatu, mmoja yuko juu ya ngazi, akawaeleza taa ilivyopasuka.

"Dada, tutarudi Jumatatu," yule wa juu alimjibu. "Tuna nyumba nyingi leo."

"Sawa, kaka yangu, endelea na kazi," Zamda alisema, akakaa chini ya ngazi. "Nitakusimulia tu habari za mama mkwe wangu. Dawa yake ya sindano ikipata joto inaharibika. Halafu Jumamosi anamwoza binti yake, na nyama yote iko kwenye friza. Ukoo wetu ni mkubwa, naanza na mjomba wa kwanza..."

Fundi alicheka mpaka ngazi ikatikisika. Akashuka, akafuatana naye. Alipoifungua mita alikuta waya mmoja haujakazwa. Akaukaza, akapima, akapima tena, akatikisa kichwa. "Mngechomeka vyombo, hakuna ambacho kingepona. Mnisamehe, mama."

Friza likaanza kuunguruma. Nyama haikuwa imeyeyuka, na dawa ilikuwa bado ya baridi.

Jioni ile Bi Kashindye alikaa na wakwe zake watatu, ufunguo wa fremu mkononi. Zamda akauliza, "Dada Siwema, habari ya kuchomoa vyombo uliijua lini?"

Siwema angeweza kusema asubuhi ileile, na hakuna ambaye angembishia. Aliutazama ufunguo, akaitazama cherehani yake pale ukumbini.

"Tangu Jumatatu," alisema. "Niliwaficha. Nilitaka nisifiwe peke yangu."

Nyanzala akainamisha uso. "Nami sikusimama mlangoni kulinda umeme. Nilikuwa nakuchunguza wewe."

"Mimi nisingekimbia," Zamda akasema polepole, "kama Mama asingelitaja jina la Nyanzala."

Bi Kashindye akasema, "Kwa hiyo leo nimeokolewa na wivu wenu," akaufumba mkono juu ya ufunguo.

Sasa ninyi mnaonisikiliza. Bila masikio ya Siwema, vyombo vingeungua umeme uliporudi tu. Bila macho ya Nyanzala, vingeungua vilipochomekwa. Bila ulimi wa Zamda, nyama ingeoza na dawa ingeharibika. Siwema alificha, lakini ndiye aliyetangulia kusema kweli wakati uongo ungemfaa. Fremu ni moja, na mama wa watu bado ameushika ufunguo.

Je, ungekuwa wewe ndiye Bi Kashindye, ungemkabidhi nani?