Lebo za Asali na Mstari Mmoja wa Kisu

Walikuwepo mafundi watatu katika kiwanda kidogo cha uchapaji pale Korogwe, na kila mmoja alikuwa na kipaji ambacho wenzake hawakujaliwa. Mwanahawa wa kompyuta alikuwa na jicho: mstari ukipinda kwa unene wa unywele, yeye anauona. Kihiyo wa mashine ya kuchapa alikuwa na sikio: roli ikianza kuchoka huko ndani, anaisikia kabla haijaharibu karatasi. Na Mzee Kaniki, mkataji, alikuwa na mkono: akipapasa rundo la karatasi, anakuambia ni ipi iliyojitokeza.

Mwenye kiwanda alikuwa Bi Mwajabu Singano, na kipaji chake yeye kilikuwa kuwavumilia hao watatu. Siku ninayowasimulia, kipaji hicho kilimwishia kabla ya saa nne asubuhi.

Wafugaji wa nyuki wa Handeni walikuwa wameagiza lebo elfu mbili na mia nne za chupa za asali. Lebo yenyewe nusu ya juu kijani, nusu ya chini manjano, na rangi zinafika hadi ukingoni. Lori la kupeleka asali kwenye maonyesho lilikuwa lipitie lebo hapo Korogwe saa kumi jioni, zikabandikwe huko huko, kwani chupa isiyo na lebo haipokelewi. Karatasi za stika zisizoloa zilikuwa zimebaki mia moja na tatu. Nyingine zingefika wiki inayofuata.

Ili zitoshe, Mwanahawa alipanga lebo ishirini na nne kwenye kila karatasi, zimebanana bila nafasi, kisu kikipita mara moja kinatenganisha lebo mbili. Balaa likaanzia hapo. Kisu kikisogea kidogo tu, kijani cha lebo ya chini kinabaki kama uzi kwenye manjano ya lebo ya juu. Dawa yake kila mchapaji anaijua: unaizidisha rangi ipite nje ya mstari wa kukatia, ndiyo wanayoiita blidi, ili kisu kikikosea kikose ndani ya rangi ile ile. Lakini blidi inataka nafasi kati ya lebo na lebo, na ukiweka nafasi, karatasi inabeba lebo ishirini tu. Lebo zingepungua zaidi ya mia tatu, na wafugaji wangeambiwa nini?

Wakajaribu bila blidi. Karatasi tatu zikaharibika, moja baada ya nyingine.

"Mkataji ana mkono mzito," alisema Kihiyo.

"Mashine yako ndiyo inayotoa karatasi upogo," alijibu Mzee Kaniki. "Mimi nikate wapi?"

"Na huyu aliyepanga lebo kama dagaa kwenye mkebe?"

"Ulitaka nizipange wapi, Kihiyo? Hewani?" Mwanahawa alifoka.

Bi Mwajabu alipiga meza mpaka kikombe kikaruka. "Basi! Basi, jamani, mtanitoa roho! Mwezi ujao naenda Makka, siku arobaini, na kiwanda sijui namwachia nani. Wallahi, atakayeiokoa kazi hii, huyo mmoja, ndiye atakayekalia kiti changu. Haya, tokeni mbele yangu!"

Alisema kwa hasira, lakini kusema alishasema, tena mbele ya Bwana Shekiondo, katibu wa wafugaji, aliyekuwa amekaa kwenye benchi anajipangusa jasho. Kiapo kimekwisha kutoka, na karatasi zimebaki mia moja kamili. Ikiharibika moja, hesabu imevunjika.

Mwanahawa alirudi kwenye kompyuta, akaikodolea ile picha hadi macho yakamtoka machozi. Kisha akageuza safu ya pili kichwa chini, na ya nne, na ya sita. Sasa manjano yakakutana na manjano, kijani kikakutana na kijani, na rangi ikapita juu ya mstari bila kukatika. Kila lebo ikawa blidi ya jirani yake. Nafasi haikuhitajika tena, ila pembezoni mwa karatasi, na huko ilikuwepo.

Kihiyo alipochapa ya kwanza, sikio lake likakataa. Mashine ilikuwa imepata moto, na karatasi yenye moto hutanuka na kwenda upande. Jina la asali lilikuwa karibu na ukingo; karatasi zikipishana, kisu kingelila. Akaacha kuzirundika kwenye trei. Akazilisha moja moja kwa mkono, zote zikiegemea pembe ile ile, na pembe hiyo akaitia alama ya penseli. Kila baada ya kumi aliizima mashine ipoe. Bi Mwajabu alikuwa anatazama saa na kuuma kucha, lakini Kihiyo hakuharakishwa.

Mzee Kaniki naye alikataa kukata rundo kubwa. "Kisu kikishuka kwenye karatasi hamsini, kinazisukuma za chini," alisema. Akachukua kumi kumi, akazigonga mezani mpaka pembe zenye alama zikakaa sawa, akazipapasa, akakata katikati kwanza, kisha kila nusu peke yake, ili kosa la mkato mmoja lisirithiwe na unaofuata. Mara mbili alisimamisha kisu hewani na kuipanga upya karatasi moja iliyoteleza, ambayo hakuna mwingine aliyeiona.

Saa tisa na nusu lebo zilikamilika. Hakuna uzi wa kijani, hakuna jina lililoliwa. Bwana Shekiondo alizikumbatia kama mtoto aliyepona, akaelekea mlangoni, halafu, Mungu amsamehe, akageuka.

"Na kile kiti, Bi Mwajabu, amekipata nani?"

Bi Mwajabu akafumba macho.

"Bila mpango wangu," alisema Mwanahawa, "mngechapa na kukata uozo mpaka jioni."

"Mpango wako ulikuwa picha kwenye kioo," alisema Kihiyo. "Mimi ndiye niliyeuleta kwenye karatasi, mia kwa mia. Tena ule wa kwanza uliotutia matatani ulikuwa wa nani?"

"Binti alikuwa na nafasi ya kufuta akikosea," alisema Mzee Kaniki. "Wewe Kihiyo ungekosea moja, ungeharibu moja. Mimi? Kisu hakifuti. Kazi yenu yote ilikuwa chini ya kiganja changu."

"Mkae kwa zamu," alisema Bi Mwajabu, "siku kumi na tatu tatu."

"Uliapa mmoja, Mama," walijibu wote watatu kwa sauti moja. Kwa siku nzima hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana, na ndilo lililomuudhi zaidi.

Akalipa jicho sifa, akaona anaudhulumu mkono. Akaupa mkono, akaona analidhulumu sikio. Safari inakaribia, na kiapo hakifutwi kwa kuchoka.

Haya, nyinyi mlionisikiliza: mwanamke huyu amechoka, msimzungushe. Kiti ni kimoja, tena mtajeni mtu kwa jina. Je, mngemkalisha nani?