Nani Aliyeileta Sauti ya Asajile

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, spika iliyowekwa uani kwa marehemu Asajile, huko Tukuyu, iliwashwa na haikutoa sauti. Ibada ya ndoa ilipangwa kuanza saa sita kamili. Mchungaji alikuwa na harusi nyingine saa saba.

Bibi harusi, Atupele, alikuwa amesimama ndani ya mlango. Katika ukoo wao binti havuki kizingiti kabla ya kusikia neno la baba. Asajile alijua hatakuwepo. Mwaka aliougua, Atupele akiwa na miaka minne, alijifungia chumbani na redio kaseti, akarekodi neno lake, akaagiza lisisikilizwe na mtu mpaka siku ya harusi. Baada ya miezi miwili akafa.

Watu watatu walishughulika na neno hilo. Shangazi Tupokigwe alijua kutunza. Kaka Ambilikile alijua kutengeneza redio. Subilaga, mdogo wa bibi harusi, alijua simu.

Shangazi aliitunza kaseti miaka ishirini. Tukuyu mvua haikatiki na ukungu hula kila kitu, kwa hiyo aliifunga kwa kitambaa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kila Pasaka aliizungusha kwa kalamu ili utepe usigandane. Wanakwaya wenzake walipokosa kaseti ya kurekodia, waliijia hiyo. Aliwafukuza, kisha akaihama kwaya.

Ambilikile alipewa kaseti wiki moja kabla ya harusi. Utepe ulikuwa umekatika mara mbili. Aliuunga, akaunganisha redio na kompyuta kwenye karakana yake Mbeya. Kwa kuheshimu agizo la baba alizima sauti, akafanya kazi kwa kutazama mawimbi kwenye skrini. Utepe ulipita mara moja tu, ukasagika. Kilichobaki ni faili moja, la aina ya programu yake ya zamani, lisilofunguka kwenye spika wala simu bila kugeuzwa. Spika ya harusi ilisoma MP3. Ambilikile akafuta herufi za mwisho za jina la faili, akaandika MP3, akalitia kwenye flashi na kupanda gari.

"Kaka, umemvalisha mbuzi koti ukamwita mchungaji," fundi wa muziki alimwambia alipochomoa flashi. "Ndani bado ni mbuzi."

Kompyuta ilikuwa Mbeya. Subilaga alichomeka flashi kwenye simu yake, nayo ikalikataa faili. Ilihitaji programu ya kuligeuza, na pale nyumbani hapakuwa na mtandao. Subilaga akapanda kilima cha chai na gauni lake la sherehe. Mtandao ulipatikana, nafasi kwenye simu haikuwepo. Alifuta picha zote za miaka mitatu ya chuo. Akaanza kuligeuza faili. Asilimia kumi. Asilimia arobaini. Chaji ilikuwa imebaki asilimia tisa, ikawa sita.

Uani, mshenga wa upande wa bwana harusi alikuwa hatulii.

"Jamani, bibi harusi mmemfunga kamba?"

"Kaa chini, baba," Shangazi alimjibu. "Mlichukua miaka mitatu kuja kuposa. Leo ndiyo mmejua saa?"

Mshenga alikaa, akasimama tena.

Saa tano na dakika ishirini Subilaga alirudi, gauni limejaa tope. Faili lilikuwa limegeuka; fundi alichomeka flashi. Spika ilikwaruza, kisha mwanamume akakohoa.

"Atupele, mwanangu, nenda kwa amani. Nilitaka nikutoe mlangoni mimi mwenyewe. Sasa, yule aliyekuletea sauti yangu leo, huyo ndiye mkono wangu. Akutoe yeye. Mmoja tu, msije mkamvuta mtoto huku na huku."

Subilaga hakuwahi kumsikia baba yake. Alipokufa, yeye alikuwa bado tumboni.

"Kumbe alikuwa na kithembe kama changu," alisema.

Kisha wote watatu wakasogea mlangoni.

"Bila mimi, kwenye kaseti hiyo mngesikia kwaya," alisema Shangazi.

"Na bila mimi, Shangazi, ungeleta kopo," alisema Ambilikile.

"Wewe uliileta imekaa kimya, kaka. Watu wameisikia kutoka kwangu," alisema Subilaga.

"Nikukumbushe nani mkubwa hapa?"

"Baba hakusema mkubwa."

Mshenga akamgeukia Atupele. "Bibi harusi, chagua basi!"

"Nikimchagua mmoja, wawili nitawaangaliaje?" alisema Atupele.

Hata hivyo alinyoosha mkono wa kulia nje ya mlango. Mikono mitatu ilikuwa mbele yake.

Sasa ninyi mnaonisikiliza, mkono wa Atupele mngeuweka katika mkono wa nani? Amueni mkijua kwamba kengele ya kwanza ya kanisa imepigwa saa sita kasorobo, na miguu yake yote miwili bado iko ndani.