Udi wa Mashavu na Dalali Fungo

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hizo za kusinzia! Haya, sinzieni tu, hadithi yenyewe ina usingizi ndani yake.

Hapo zamani za kale, wanyama na watu wakiwa bado majirani, palikuwa na mama mmoja, Mashavu, mtengeneza udi. Ukiufukiza udi wake ukalala, unaota jambo unalolitamani kuliko yote.

Binti yake aliolewa ng'ambo ya mto, na sasa alikuwa mja mzito. Mwaijua desturi ya kwao: mtoto wa kwanza, mbeleko hutoka kwa bibi yake. Mashavu hakuwa na mbeleko, alikuwa na udi tu. Akamwita mnyama Fungo, dalali wa sokoni.

"Fungo mwanangu, niuzie udi huu, uninunulie mbeleko nzuri. Ujira wako utoe humo humo. Usiouzika nirudishie."

"Mama, amana yako ni roho yangu," akasema Fungo, mkono kifuani.

Njiani akaunusa. "Kipande kimoja tu. Nani atajua?" Akakitia chetezoni, akalala, akaota yeye ni sultani, mawingu yanampepea. Akaamka akilia kwa utamu. Msicheke, nanyi mngelia.

"Fungo, mali yangu?" akauliza Mashavu.

"Soko limelala, mama."

Akafukiza tena, akaota tena.

"Fungo, mali yangu?"

"Soko limelala, mama."

Akafukiza tena, akaota tena.

"Fungo, mali yangu?"

"Soko limelala, mama."

Mwongo mkubwa! Aliyelala ni yeye.

Mtoto akazaliwa, habari ikavuka mto. Mashavu aliona haya kwenda mikono mitupu, akabaki nyumbani akiugua moyo.

Asubuhi moja ya ukungu, upepo ukaleta moshi dirishani kwake. Mashavu akasinzia, akamwona binti yake ng'ambo ya mto, mtoto kamfunga mgongoni kwa mbeleko. Akazinduka. "Huu ni udi wangu!" Akaufuata moshi hadi pangoni kwa Fungo, akamkuta amelala anatabasamu, pakacha tupu ubavuni.

Wakaenda kwa kadhi, Korongo.

"Ni deni tu," akasema Fungo. "Nitalipa. Nani hadaiwi?"

"Mashavu alikukopesha?" akauliza Korongo.

"La."

"Alikuuzia?"

"La."

"Alikupa?"

"La."

"Basi ulipoufukiza, udi ulikuwa wa nani?"

"Wa Mashavu," akajibu kwa sauti ndogo.

"Mdeni hula kilichokwisha kuwa chake, akalipa baadaye. Wewe umekula cha mwenzio. Huo ni wizi, tena wizi wa aliyefunguliwa mlango."

Fungo akatiwa tunduni, akawa anakamuliwa zabadi, yale manukato ya mwili wake, ili amlipe mwenye mali. Ndiyo asili ya watu kumfuga fungo kwa zabadi.

Zabadi ikauzwa, mbeleko ikanunuliwa, nyekundu, ya kupendeza. Lakini mwaka ulikuwa umekwisha kugeuka. Mashavu akavuka mto, na mjukuu akaja kumlaki mwenyewe, kwa miguu yake, mbio.

Mashavu akasimama na mbeleko mkononi. "Nimechelewa, mwanangu. Sikuwa na cha kuleta."

"Mama," akasema binti yake, "nilikuwa nakungoja wewe."

Mashavu akalia, na mimi hapa huwa nalia naye. Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa binti. Aliye macho amwamshe mwenziwe.