Kunde Moja Nyeusi

Paukwa!

Pakawa!

Mh! Nimesikia sauti nane. Hapa mmekaa kumi na mmoja. Wawili wana mahindi mdomoni, na babu yenu pale ameshaanza kukoroma. Basi sitasema mmeitika wote. Nitasema mmeitika nane. Haya, twendeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na jumbe wao, homa iliingia mbugani. Homa ya kutetemeka. Tetetete! Meno yanagongana. Ikamshika ngiri, ikamshika swala, ikamshika nyani juu ya mti, akaanguka pu! Mkubwa alitetemeka siku tatu akainuka. Mdogo alitetemeka siku tatu akazikwa.

Jumbe Nyati akamwita Kakakuona. Kwa nini Kakakuona? Kwa sababu alikuwa mpole, hana makeke, anafika kwa kila mtu na hagombani na mtu. Na ulimi wake, nyinyi! Mrefu kuliko mkia wa kima. Jumbe akaona, huyu akitumwa neno, neno litafika.

"Kakakuona," Jumbe akasema, "kuna mzizi mwekundu unaota kando ya mto. Wengine wanasema unaponya homa hii. Wengine wanasema unaua. Kelele zimenichosha. Tunao waganga kumi na wawili. Nenda ukawaulize mmoja mmoja: wagonjwa wanywe au wasinywe? Usiwalete hapa barazani. Wakiziona pembe zangu tu, kila mmoja atasema, ‘Ndiyo, Jumbe.’"

"Nimesikia, Jumbe."

Kakakuona akachukua kibuyu chenye mdomo mwembamba. Akachukua kunde nyeupe na kunde nyeusi. Nyeupe, wanywe. Nyeusi, wasinywe. Kila mganga atatumbukiza moja, na yeye Kakakuona ataangalia pembeni. Mwenye sababu atamnong'oneza sikioni. Jina halitajwi. Akaapa hivyo mbele ya Jumbe, akashika njia. Chwara, chwara, chwara, magamba yanasuguana, naye anaimba:

Nyeupe wanywe, nyeusi wasinywe,
tia moja, mimi sitazami.
Ko! Kibuyu kimesikia,
jina lako mimi silisemi.

Akaenda kwa huyu, ko! Akaenda kwa yule, ko! Wawili hakuwakuta, wamesafiri. Kiboko alikuwa majini. Alitoa masikio, akayatikisa, akazama zake. Waliobaki tisa wakatumbukiza kunde. Kakakuona akamwaga kibuyu chini, akahesabu. Nyeupe tano. Nyeusi nne.

"Hapa bado hakuna neno," akasema.

Akazunguka mara ya pili. Safari hii kila alipofika alieleza sababu alizonong'onezwa kwingine, bila majina, ili kila mganga afikiri upya. Wale wasafiri hawajarudi. Kiboko kazama. Na wengine wawili wakamfokea mlangoni, "Si ulikuja juzi wewe? Kwani kunde haziishi?" Wakamfungia.

Wakajibu saba. Wa mwisho alikuwa Bibi Nungunungu, ambaye kuchimba mizizi ndiyo kazi yake na mizizi ndiyo chakula chake. Mara ya kwanza alitumbukiza kunde akanyamaza. Mara hii alitumbukiza, ko! Kisha akamvuta Kakakuona karibu.

"Mwanangu, tangu ulipoondoka sikulala. Nimeuchimbua mzizi ule, nimeuonja, nimekumbuka. Kwa aliyeacha kunyonya, ni dawa. Kwa anayenyonya bado, ni sumu. Unashukia miguuni. Kawaambie wenzangu hilo, kisha uje utuulize tena."

"Nimesikia, bibi."

Alisikia. Msije mkasema hakusikia.

Akakaa chini ya kichuguu, akamwaga kibuyu. Nyeupe sita. Nyeusi moja. Ile nyeusi aliijua ni ya nani na inasema nini. Ilibidi azunguke mara ya tatu. Lakini nyayo zilikuwa zinamwaka moto, na kutoka barazani ngoma ilishaanza kulia, ndi! ndi! ndi! Watu wanamngoja. Na tangu mwanzo yeye na Jumbe hawakuwa wamepatana kunde ngapi zitatosha. Basi Kakakuona akazitazama zile sita, akasema moyoni, "Zinatosha hizi. Wengi wape."

Akaiokota ile nyeusi. Kuitupa alishindwa. Akaichomeka chini ya gamba, ubavuni. Akaenda. Chwara, chwara, nayo inamchoma.

Barazani wamejaa. Jumbe akauliza, "Umerudi na nini?"

Kakakuona akapanda juu ya jiwe. Hajawahi kutazamwa na macho mengi namna ile, na akayapenda. Akasema kwa sauti, "Waganga wote wamekubaliana! Wagonjwa wanywe!"

Vigelegele! Ngoma! Nyani akapiga mruko wa sarakasi, homa na yote.

Watu walipoanza kutawanyika, akaja Digidigi. Kadogo, mnyonge, amembeba mwanawe Tunu. Tunu alizaliwa mwezi uleule, jani hajalionja. Alikuwa anatetemeka, tetetete.

"Kaka, samahani," Digidigi akasema. "Mimi naogopa. Huyu bado ananyonya. Kweli wamekubaliana wote?"

Kunde ikachoma ubavuni. Kakakuona akafungua mdomo. Ulimi wote ule, nao ukatoa neno moja tu.

"Wote."

"Hata Bibi Nungunungu? Maana yeye ndiye anayeijua mizizi."

"Majina hatutaji, dada. Nimeapa."

Mnamwona? Kiapo kilikuwa cha kumlinda mganga. Yeye akajificha nyuma yake.

Digidigi akainamisha kichwa. "Basi kama ni wote, mimi ni nani?" Akaondoka na mwanawe.

Mzizi ulinywewa mara tatu kwa siku: asubuhi, adhuhuri na alasiri. Kesho yake asubuhi ngiri akanywa, gudu gudu gudu, akaacha kutetemeka. Swala akanywa, akasimama. Wakaja nyumbani kwa Kakakuona na kumbikumbi wa kukaanga kwenye jani. "Kula, mjumbe wetu! Umetuokoa!" Kakakuona akawaweka mdomoni. Hawakushuka. Akawatema kisirisiri nyuma ya nyumba.

Mmewahi kuona aibu nyinyi? Sisemi ile ya kuteleza ukaanguka watu wakacheka. Hiyo huisha jioni. Nasema ile ya kusifiwa, na wewe moyoni unajua.

Adhuhuri Nyani akapita akila tunda. "Habari njema kila mahali, kaka! Isipokuwa yule wa Digidigi, miguu imemlegea. Mama yake amempa mara ya pili sasa hivi. Tunamwambia avumilie, homa ndiyo inatoka."

Miguu! Alivyosema Bibi Nungunungu!

Akatoka mbio kwenda kwa Digidigi. Chwara, chwara, chwara. Akafika njia panda, akasimama. Akawaza, nikisema, nani ataniita mjumbe tena? Akarudi. Akafika mlangoni kwake, akaona jani la kumbikumbi, akageuka. Chwara, chwara. Njia panda. Akasimama. Nikisema, Jumbe atanifanya nini? Akarudi. Akaenda, akarudi. Akaenda, akarudi. Jua nalo halikumngoja. Likapita utosini, likaanza kuteremka. Alasiri ikaingia.

Mara ya mwisho hakusimama njia panda.

Akakuta watu wamejaa uani kwa Digidigi. Jumbe mwenyewe amekuja kuwajulia hali wagonjwa. Kina mama wengine wenye watoto wachanga wapo, kila mmoja na kibuyu chake, wanangoja waone Tunu atakavyopona nao wawape wao. Tunu amelala ubavu, miguu ya nyuma inaburura tu. Digidigi amemwinua kichwa, kibuyu kimefika mdomoni.

"Meza, mama yangu. Ni cha mwisho leo. Wote wamesema utapona."

"Usimpe!"

Watu wakageuka. Ni Kakakuona, vumbi tupu, anahema.

"Kuna nini?" Jumbe akauliza.

Angeweza kumvuta Digidigi pembeni akamnong'oneza. Aliliwaza hilo, na alilitamani. Lakini akawatazama wale kina mama wengine na vibuyu vyao. Akaingiza kucha chini ya gamba, akaitoa ile kunde, akaiweka chini mbele ya watu wote.

"Jumbe, nilisema wote. Si wote. Ulinituma kwa kumi na wawili. Mara ya kwanza walijibu tisa. Watano walisema wanywe, wanne wasinywe. Mara ya pili walijibu saba. Sita wanywe, mmoja wasinywe. Watatu sikuwapata mara zote mbili, na wawili walikataa kuulizwa tena. Kunde ngapi zinatosha, nilijiamulia mwenyewe, nilipokwisha kuzimwaga. Na huyu mmoja alinipa sababu yake. Alisema anayenyonya asipewe, unashukia miguuni. Aliniagiza niwaambie wenzake, kisha nirudi kuwauliza tena. Sikwenda. Nilichoka, na ngoma ilikuwa inalia."

Jumbe akaiinamia ile kunde.

"Ni nani huyo mmoja?" Jumbe akanguruma.

"Jina niliapa kulificha, Jumbe. Sababu sikuapa."

Digidigi akakiachia kibuyu, kikapasuka. Maji mekundu ya mzizi yakamwagika vumbini. Akalala chini, akamweka mwanawe kwenye titi, na kina mama wengine wakamwaga vibuyu vyao, mwa! mwa! mwa!

Kakakuona alingoja atukanwe. Alingoja apigwe, ingekuwa nafuu. Digidigi akamtazama tu, macho makavu.

"Kaka," akasema, "ungeniambia kuna mmoja tu amekataa, ningekuuliza kwa nini. Uganga siujui. Lakini kuuliza kwa nini, hilo nalijua. Wewe uliniambia wote. Kwenye wote mtu anauliza nini?"

Hapo nami sina la kumsaidia Kakakuona.

Jumbe hakumfunga, hakumfukuza. Alimpa adhabu mbaya zaidi. Alimrudishia kibuyu. "Nenda mara ya tatu. Na safari hii tunapatana kabla hujatoka: wakifika tisa wenye neno moja, ni neno. Wasipofika, utasema hawakufika."

Akaenda, na kila mlango alisimulia alichofanya, kwa kinywa chake, kabla ya kuuliza. Hata Kiboko safari hii alitoa kichwa kizima. Akarudi barazani, hakupanda juu ya jiwe. Akasema: waganga ni kumi na wawili, wamejibu kumi. Tisa wanasema mkubwa anywe, anayenyonya asinywe. Mmoja anasema hata mkubwa asinywe zaidi ya siku moja, kwa sababu siku ya pili hakuna aliyeijaribu. Wawili bado wako safarini, neno lao hatulijui. Hakuna aliyepiga vigelegele. Watu walisikiliza, wakaulizana, wakaenda wakafanya kwa akili zao.

Tunu aliishi. Homa ilimtoka, maziwa yalimtunza. Lakini mguu mmoja wa nyuma haukurudi. Wenzake waliruka, yeye alichechemea.

Na mtoto hajui. Mama yake hakumwambia. Kwa kuwa mama alimwita Kakakuona kaka, yeye alimwita mjomba, na alimpenda kwa sababu ndiye peke yake mbugani aliyetembea polepole kama yeye. Alikuwa akimwona tu njiani anamfuata, hop, kwaruu, hop, kwaruu. Kakakuona akiusikia mguu ule unaburura, hujikunja. Kichwa tumboni, mkia juu ya kichwa, anakuwa duara la magamba.

Tunu huja akagonga kwa kwato, ko! ko! ko!

"Mjomba! Mjomba, nimekuona! Fungua tucheze!"

Mjomba hafungui. Mpaka leo ukimgusa Kakakuona, hujikunja akauficha uso. Watu husema anaogopa simba. Simba gani!

Basi, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili. Ukitumwa kuwauliza wajuzi, rudi useme umewauliza wangapi, mara ngapi, wamejibu wangapi, mlipatana nini kabla ya kuhesabu, na aliyekataa amekataa kwa nini. Jina mfichie, sababu yake usiifiche. Wengi wape, naam, lakini cha yule mmoja usimnyang'anye.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipoishia. Mwenye swali aulize.