Herufi Hufuata Kijistari

"Herufi hufuata kijistari, haifuati jicho." Mmemsikia Fundi Haule akimwambia mwenzenu maneno hayo, mkacheka, kisha mkaniuliza yametoka wapi. Kaeni basi niwaambie, maana siku yalipozaliwa nilikuwepo.

Nilikuwa mtunza dawa katika kituo kimoja cha afya huko milimani, Umatengoni. Desideri Haule, wakati huo kijana kama ninyi, alikuwa ametuandikia programu ya kompyuta. Muuguzi akiandika uzito wa mgonjwa kwenye kisanduku cha skrini, programu inampigia hesabu ya dawa. Tuliipenda, ilitupunguzia kazi.

Asubuhi moja alirudi mama aitwaye Otilia, na mtoto wake anachemka kwa malaria, siku ya pili ya sindano. Muuguzi wetu, Sista Tekla, akampima mtoto: kilo tisa. Akageukia kompyuta, lakini macho yake yalibaki kwa mtoto aliyekuwa akilia. Vidole vikaandika tisa, akabonyeza kuthibitisha. Hakuona kwamba wakati uleule kilichomoza kidirisha cha kutangaza kuwa dawa fulani inakaribia kwisha stoo. Kidirisha kile kilikipokonya kisanduku kibodi, kila kilichoandikwa kikawa kinaingia kwake. Ile tisa ikapotelea humo, na alipobonyeza, kikajifunga. Kisanduku cha uzito kikabaki na kilo thelathini na nne za mgonjwa aliyetangulia.

Sista akavuta dawa kwenye bomba la sindano kama skrini ilivyosema. Otilia akamshika mkono.

"Samahani, Sista. Yote hiyo ni ya huyu mtoto?"

"Ndiyo, mama. Ni kwa uzito wake."

"Mbona jana mlimpa kidogo tu? Hawezi kuwa amekua hivyo kwa usiku mmoja."

Tekla angeweza kukasirika. Badala yake aligeuka, akaisoma skrini vizuri, akaliweka bomba mezani. "Ahsante, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Ahsante sana." Akaanza upya, mtoto akapata dozi yake halali.

Desideri alipoitwa, Tekla hakumgombeza. Alimkalisha penye kompyuta akamwambia, "Andika, lakini unitazame mimi." Akaandika. Kidirisha kikatokea, na alipotazama skrini, akakuta alichoandika hakimo kwenye kisanduku.

"Programu hupashwa habari kila kisanduku kinaposhika kibodi na kila kinapoiachia," alisema. "Sikuiambia ifanye nini ikipata habari hizo."

Akaiambia. Tangu hapo, kisanduku kikishika kibodi kilizungushiwa mstari mnene wa njano. Kikiiachia bila kuandikwa uzito mpya, kiligeuka chekundu na hesabu ikakataa. Uzito wa mgonjwa aliyetangulia ulifutwa, na matangazo ya stoo yakakatazwa kugusa kibodi, yakae pembeni mpaka yaitwe.

Kisha akaenda wodini, alikolazwa mtoto, kwa Otilia. "Mama, umemwokoa mwanao, ukaniokoa na mimi."

"Mwanangu, mimi niliuliza tu," Otilia akajibu. "Aliyenisikiliza ni Sista. Mshukuru yeye."

Desideri akamgeukia Tekla, aliyekuwa naye pale, akamshukuru. Tekla akacheka, akampigapiga begani. "Haya, yameisha. Lakini kile kijistari kinachowaka na kuzimika mahali pa kuandikia, usikisahau tena. Herufi inakwenda kilipo, hata jicho litazame wapi."

Mtoto yule alipona. Fundi Haule huwaambia neno hilo wote anaowafundisha, na hajawahi kulisema bila kuwakumbuka wanawake wale wawili kwa shukrani. Basi mkikaa kuandika programu zenu, kumbukeni kuna mtu anayeandika huku amemtazama mgonjwa: herufi hufuata kijistari, haifuati jicho.