Hongera, Bingwa

Msizime simu zenu. Najua mzee wa kanisa ametangaza zizimwe, lakini leo simu imo ndani ya mfano, kwa hiyo tuvumiliane. Ila wewe unayeangalia matokeo ya mpira, hiyo yako zima.

Palikuwa na mama mmoja, mwalimu wa udereva. Nusu ya watu wa mji ule walishika usukani mara ya kwanza yeye akiwa ameketi pembeni, na wote walimwogopa. Akastaafu, akapewa kiinua mgongo chake. Ndugu wakaanza kuikumbuka njia ya kwake, si mnawajua? Lakini pesa ile ilikuwa na mwenyewe. Mama alikuwa na mwana mmoja tu, mtu mzima mwenye ndevu zake, aliyezaliwa na mtindio wa ubongo. Viatu ni kuvalishwa, shati ni kufungiwa vifungo, na kicheko chake kilisikika mpaka barabarani. Mama hakuogopa kufa. Aliogopa kutangulia.

Akaamua kununua hisa za makampuni, ili faida ikigawanywa mwanawe apate chochote hata yeye akiwa kaburini. Sasa, hisa hazinunuliwi gengeni kama nyanya. Unapitia kwa dalali. Na madalali wa siku hizi wana kitu kinaitwa akaunti ya mazoezi, ndani ya simu hiyohiyo uliyoishika. Unapewa pesa za bandia, unanunua na kuuza kwa bei za soko. Ukipata huli, ukipoteza hulii. Mama akasema, "Mimi sijawahi kumwingiza mtu barabarani kabla hajazunguka uwanjani. Na mimi nitaanzia uwanjani."

Mdogo wake wa kiume, mtu wa mipango mingi, akamwekea kwenye simu madalali wawili ili apime mwenyewe na kuchagua mmoja.

Dalali wa kwanza alikuwa mtamu, jamani! Ukitaka kununua, hisa zipo papo hapo. Ukiuza, faida. Simu inapiga tarumbeta, maandishi yanarukaruka: HONGERA, BINGWA! Kisha afisa wao anapiga kwa sauti laini, "Shikamoo mama. Wateja kama wewe ni wachache. Una kipaji."

Dalali wa pili alikuwa mchungu kama shubiri. Mama ananunua, simu inamwambia asubiri, muuzaji hajapatikana. Muuzaji akipatikana, bei imeshapanda. Na juu ya yote, kila akinunua anakatwa ada. Mama akapiga simu ofisini kwao, amefura.

"Mbona mnanikata ada hata kwenye pesa ya bandia? Hamwoni haya?"

"Tutakukata kwenye ya kweli, mama," akajibu dada wa ofisini. "Heri uzoee sasa."

"Na hii hasara yote?"

"Hiyo ni yako, mama. Ulinunua kampuni ambayo hujui hata inauza nini."

Mama akakata simu bila kuaga. Tangu azaliwe hakuna aliyemsemesha hivyo, maana kwa kawaida yeye ndiye aliyewasemesha wenzake hivyo.

Wiki zikapita. Kwa dalali mtamu akaunti ilinenepa, kwa mchungu ilikonda. Mdogo wake akaja juu. "Dada, unafikiria nini tena? Kule unavuna, huku unavuliwa!" Na mimi nisiwafiche, mama alishaanza kulewa sifa. Sokoni alitembea kwa madaha, akiulizwa bei ya mchele anajibu habari za hisa. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa kabla hata hajaukwea mnazi.

Asubuhi moja afisa mwenye sauti laini akaja nyumbani na fomu zake. Akakaribishwa chai. Mdogo mtu yupo, anatabasamu kama bwana harusi. Mwana wa mama yupo kwenye mkeka wake, anachezea kofia ya mgeni.

"Weka kiinua mgongo chote, mama," afisa akasema. "Soko limechangamka. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako."

Mama akashika kalamu. Kisha akamtazama mwanawe.

Hapo akakumbuka jambo la kazini. Gari la kufundishia udereva lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Palikuwa na mwalimu mwenzake, mtu mpole, hakupenda kumuudhi mtu. Mwanafunzi akikosea, yeye anakanyaga breki yake kimyakimya na kusema, "Vizuri sana!" Wanafunzi wake walimpenda kuliko wote. Na mmoja wao, siku aliyoendesha peke yake, alikwenda moja kwa moja mpaka ndani ya ukuta wa posta. Alipotolewa kwenye gari alikuwa akilia na kuuliza, "Kwa nini leo halikusimama?"

Mama akajiuliza moyoni: na mimi je, ni nani ananikanyagia breki?

Akaweka kalamu chini. Akafungua akaunti ya mazoezi ya yule dalali mtamu, akampelekea mwanawe simu. "Baba, bonyeza unapopapenda." Mwana akafurahi! Akabonyeza palipo pekundu, akabonyeza palipo kijani, akabonyeza tena pekundu kwa sababu palimpendeza. Tarumbeta ikalia. HONGERA, BINGWA! Mwana akacheka mpaka majirani wakasikia.

Afisa akaangalia chai yake.

Kisha mama akafungua ile ya dalali mchungu. Mwana akabonyeza vilevile, kwa raha ileile. Simu ikamwambia asubiri. Ikamkata ada. Ikamwonyesha hasara. Haikumdanganya kwa kuwa ni yeye, ilimtendea kama ilivyomtendea mama yake.

"Baba yangu," mama akamwambia afisa, "ama mwanangu ni mjuzi kuliko ofisi yenu nzima, na kesho mje mumwajiri, ama mashine yenu inasifu kila kidole."

"Mama, hayo si mazoezi tu?"

"Ndiyo, mazoezi. Nilikuja kujifunza, na hamjanifunza kitu. Rudisha kofia kichwani, unywe chai yako, uende salama."

Mdogo wake akashika kichwa. "Dada! Yaani unachagua kule kwenye hasara?"

"Nachagua anayeniambia nikikosea. Hasara ya bandia itaniuma leo ili ya kweli isimuue huyu kwa njaa kesho. Na sitaacha mpaka nijue."

Naona mnangoja niwaambie alijenga ghorofa. Hakujenga. Aliendelea na yule mchungu, akakosea, akaambiwa, akauliza, akakosea tena, akarudia. Siku alipoingiza pesa ya kweli aliingiza kidogo tu. Lakini breki aliyokanyaga ilikuwa ya kwake.

Sasa tuje kwetu. Sisi tumechagua dalali gani?

Tuna rafiki akitukosoa tunamwita mwenye wivu. Tuna mke akisema ukweli tunamwita mkorofi. Mtoto akituuliza, "Baba, mbona jana ulidanganya?" tunamtuma dukani. Tunabaki na wanaotupigia tarumbeta, kisha tunajiona washindi. Washindi wa nini, wapendwa? Mnamtaka anayewasifu hata mkibonyeza ovyo?

Na humu ndani je? Jumapili ni akaunti ya mazoezi. Humu kusamehe ni rahisi, maana uliyegombana naye amekaa benchi la nyuma. Humu tunaimba kwamba tutatoa vyote, na hakuna anayetukata ada. Soko linafunguliwa Jumatatu. Jumatatu ndipo mpangaji wako anapochelewa kodi, ndipo jirani anapohamisha mpaka wa shamba. Utakanyaga breki gani, kama siku zote ulikanyagiwa?

Nami msiniache. Nijaribuni kama mama yule alivyojaribu. Ukija hapa umemtukana mama mkwe, nikakwambia umebarikiwa. Ukija umemla mjane ardhi yake, nikakwambia umebarikiwa. Basi mimi ni ile tarumbeta ndani ya simu. Nikimbieni.

Kwa hiyo leo tukitoka, mlangoni sitaki mtu anipe mkono aniambie, "Mahubiri mazuri, mchungaji." Atakayenipa mkono aniambie nilipokosea wiki hii. Na akishamaliza asiuondoe mkono wake haraka, maana na mimi nitamwambia alipokosea yeye.

Tusimame. Naona wengine mmeanza kuuangalia mlango wa nyuma. Huo nimeufunga.