Nasadiki ya Shimoni

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya wenye njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani sana palikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Udongo wao mzuri ulikaa chini ya shimo refu, jembamba, jeusi. Mchimbaji alifungwa kamba kiunoni, akateremshwa. Na kamba ile ilikwenda kwa kufuata Nasadiki, ile kanuni ya imani ya mitume. Walio juu walianza, "Nasadiki kwa Mungu," na wakifika "akafa, akazikwa," miguu yake imegusa chini. Akichimba, walinyamaza. Akimaliza, waliendelea, "akashukia kuzimu, siku ya tatu akafufuka," wakivuta, mpaka Amina.

Aliyewafundisha hivyo ni Bibi Anyosisye. Mkali huyo! Lakini watu ni watu. Udongo ukishapatikana, nani ana haja ya maneno? Wakaanza kuvuta kimyakimya.

Bibi akawauliza, "Mnawashusha watu kwa imani, mnawapandisha kwa nini?"

Lusajo, mshika kamba, akacheka. "Kwa mikono, Bibi."

Miaka ikapita. Asubuhi moja akashushwa Sekela, binti aliyeposwa juzi tu. Walio juu wakasema mpaka: Akafa, akazikwa. Akachimba. Wakavuta bila maneno. Kwichi, kwichi, kwichi. Kamba ikaja tupu, fundo lake halijafunguliwa.

Kisha kutoka chini sauti ya Sekela ikasema taratibu, "Akafa, akazikwa." Ikafuata sauti ya mzee, mchimbaji wa zamani. Zikafuata nyingi. "Akafa, akazikwa. Akafa, akazikwa." Shimo lilikuwa limejifunza kile walicholifundisha.

Mama Sekela akapiga yowe. "Bibi, mwanangu!"

Bibi akajifunga kamba mwenyewe. "Nishusheni. Nikiita, mwendelee mpaka mwisho."

Kwichi, kwichi. Sauti zikammeza. Halafu wakamsikia, sauti kavu kama ya anayegombana na jirani: "Akashukia kuzimu!"

Shimo likanyamaza.

"Hata huku Bwana alifika!" Bibi akafoka. "Sekela, shika kamba. Nyie huko juu, endeleeni!"

Hawakukumbuka. Lusajo alirudia "akazikwa," akakwama hapo hapo. Chini, sauti zikaanza tena, polepole. Mama Sekela akapiga magoti ukingoni, akayatafuta maneno, akayapata: "Siku ya tatu... siku ya tatu akafufuka katika wafu!"

"Akapaa mbinguni," mwingine akadakia. Wakayaokota moja moja, wakivuta, kwichi, kwichi, mpaka akatoka Sekela, kamba ya Bibi kiunoni mwake, amejaa udongo mwili mzima, anapumua.

Wakamteremshia Bibi kamba. Ikarudi tupu. Siku tatu wakateremsha, siku tatu tupu. Inaniuma kuwaambia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tangu hapo hakuna aliyeyakatiza maneno. Na kila walipofika "uzima wa milele," walisubiri. Chini kabisa, sauti moja kavu ilijibu, "Amina."

Wanangu, maneno hayo ni ya kale, ndiyo. Waliotuachia walijua tunakokwenda. Basi msiishie kwenye "akazikwa."

Hadithi yangu nimeitua hapo, nami nimepumzika.